Fidia ya dampo: someni kwanza, ndipo msaini

Ndugu uliyeuliza kama msaini karatasi za fidia ya nyumba zilizo jirani na dampo, huku halmashauri ikiwaahidi watakaobaki kisima na zahanati: haya yametupata sisi, naomba nikueleze kwa kirefu. Mji wangu sitautaja.

Tuliishi na dampo miaka 11. Masika yakianza, majimaji meusi yalishuka kutoka kwenye lundo yakapita nyuma ya jiko letu, na inzi walitangulia kwenye sinia kabla ya watoto. Kiangazi taka ziliungua chini kwa chini, moshi haukatiki wiki nzima. Mwanangu wa pili alikuwa analala na kikohozi hadi usiku ule asipokohoa mimi ndiye ninaamka kumwangalia.

Wathamini walikuja na mwenyekiti wa mtaa. Nikapewa kibao chenye namba, nikakishika kifuani mbele ya mlango wangu, nikapigwa picha. Wakapima vyumba, wakahesabu minazi. Mimi nilikaa barazani nikiamini wanajua kazi yao. Jedwali lilipobandikwa ofisi ya mtaa, choo cha nje hakimo na minazi sita imekuwa minne. Kwa hiyo nakusihi, tembea na mthamini hatua kwa hatua, na kabla ya kusaini piga picha kila ukurasa wa fomu.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za 2001 za kukadiria fidia zinaongeza, juu ya thamani ya ardhi na nyumba, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, mnadai riba. Sisi tulingoja zaidi ya mwaka, na riba tuliipata kwa sababu mwalimu mmoja mstaafu aliandika barua akaitaja kanuni yenyewe. Wapangaji hawakupata hata nauli.

Sasa hao watakaobaki, maana hapo ndipo roho inaniuma. Fidia hulipwa kwa aliye ndani ya bikoni, zile alama za mpaka wanazosimika wapimaji. Jirani yangu, mama tuliyekuwa tukichota naye bomba moja, bikoni ilipigwa upande wetu wa ukuta wake. Moshi ni ule ule, inzi ni wale wale, yeye hakuandikwa. Aliahidiwa kisima kama ninyi, nacho kikachimbwa bondeni, chini ya lundo, kule kule majimaji yanakoshukia. Ulizeni kisima kitachimbwa wapi, maji yatapimwa na nani, umeme wa pampu ataulipa nani, na zahanati itapata wapi mganga. Majibu yawe kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, wenye mhuri.

Msidhani pia kwamba fidia ndiyo haki pekee mliyo nayo. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 kwa sababu ya dampo, wakashinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba muda zaidi wa kumwaga taka, hadi Jaji Lugakingira akakataa akitumia haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Na wa huko nao wakaenda mahakamani, wakashinda. Na umbali wa nyumba na lundo msiuchukulie wepesi: Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, lundo liliporomokea makazi ya watu, wakafa zaidi ya 30.

Juzi nilimpigia yule mama. Kisima kinatoa maji, anafulia. Ya kunywa bado ananunua kwa madumu.