Barua kwa mwanangu: "Asante kwa yote"

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza: "Baba, nikipiga magoti usiku nishukuru, sina la kusema zaidi ya 'asante kwa yote'. Ndiyo imani imepoa?" Nimeona nikujibu kwa kalamu. Swali kama hili halijibiwi kwa kidole gumba.

Sidhani imani imepoa. Nadhani siku yako imepita hukuiona, na asichokiona mtu atakishukuruje? Nasema hivi kwa sababu nami nilipitwa.

Wiki ya mwisho ya bibi yako nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake, simu mkononi. Watu walikuwa wananiandikia kwamba wanamwombea, nami namjibu kila mmoja: asante, Mungu akubariki, asante. Bibi akasema kitu. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama," nikamalizia kuandika. Nilipoinua macho nikamuuliza alikuwa anasemaje. Akatikisa kichwa. "Basi, si kitu." Akageukia ukutani. Mpaka leo sijui kilikuwa nini. Pengine alitaka maji tu. Lakini fikiria: wote wale niliwashukuru papo hapo, aliyenizaa ndiye niliyemwambia asubiri.

Baada ya hapo nikaanza kuisoma upya habari ya Musa na kile kijiti kilichowaka moto bila kuteketea, Kutoka 3. Zamani nilidhani jambo kubwa pale ni moto. Sasa macho yangu hukwama mstari wa 4: Mungu alimwita alipoona kwamba amegeuka ili atazame. Musa alikuwa kazini, anachunga kundi, tena la mkwewe (na mali ya mkwe unajua haichezewi). Angeweza kupita zake. Na Yesu, Marko 5, yuko njiani kwa Yairo, ambaye binti yake wa miaka 12 yu kufani, umati unamsonga. Anasimama na kuuliza ni nani aliyegusa mavazi yake. Wanafunzi wakaona swali la ajabu. Yeye akaendelea kutazama pande zote mpaka yule mama mgonjwa aliyemgusa akajitokeza. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "nina haraka", ni yeye siku ile.

Simu si dhambi, usinielewe vibaya. Ndiyo inayoniletea sauti yako. Ila Biblia nimerudia ya karatasi, kwa sababu kila nikifika katikati ya zaburi, ujumbe wa kikao unashuka juu ya kioo, najikuta namkasirikia katibu badala ya kusali. Na wakati wa kula, simu yangu inalala chumba kingine. Siku za kwanza mkono ulikuwa unaipapasa mfukoni wenyewe, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'oka.

Sasa, hiyo sala yako. Paulo aliwaandikia Wathesalonike washukuru kwa kila jambo, 1 Wathesalonike 5:18. Kila, mwanangu, si yote. Yote unaweza kuyafunga furushi moja ukasema amina ukalala. Kila inakudai ushike moja moja. Mimi nina sharti dogo tu: nisiseme amina kabla sijataja kitu kimoja nilichokiona siku hiyo kwa macho yangu. Zipo jioni nakikosa. Basi hiyo nayo naikiri.

Juzi nilitaja miwani ya mama yako. Kumbe akihisi kicheko kikubwa kinakuja, huivua kwanza, anaikunja, anaiweka mezani taratibu, ndipo anacheka. Miaka 31 ya ndoa, na nimeliona mwaka huu.

Ukipiga saa ya chakula cha jioni nisipopokea, usiogope. Jaribu tena baadaye, nami nitakuuliza umeona nini.

Ni mimi,
Baba yako