Uso wa mtoto ni wa kawaida, lakini pombe ilikuwepo: twende kwa shirika gani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Namlea mtoto wa mdogo wangu wa kike, sasa ana miaka 8. Mama yake alikunywa pombe kabla hajajua kwamba ni mjamzito, na baadaye pia alikunywa siku mojamoja. Yeye mwenyewe amenieleza. Mtoto ni mchangamfu na anaongea vizuri, ila alichojifunza jana leo kimepotea, darasani hatulii, na akikasirika inachukua saa nzima kurudi katika hali yake. Tulimpeleka kwa daktari, akamtazama usoni, akasema uso ni wa kawaida, kwa hiyo si athari ya pombe. Nasikia yako mashirika yanayosaidia familia kama yetu na mengine yanafanya utafiti. Je, yanapokea mtoto asiye na dalili usoni? Tukiombwa aingie kwenye utafiti, tukubali? Mama yake anaogopa jina lake kuandikwa popote.

JIBU: Marahaba. Nitamwita mwanao, maana ndivyo alivyo.

Nianze na uso, kwa sababu ndio uliowafungia mlango. Daktari hakukosea kuutazama. Alikosea kuishia hapo. Alama tunazotafuta ni tatu: macho mafupi tukipima kutoka kona moja ya jicho hadi nyingine, ule mfereji mdogo kati ya pua na mdomo wa juu ukiwa umesawazika, na mdomo wa juu mwembamba. Sehemu hizo huanza kupata umbo katika muda mfupi sana, karibu wiki ya tatu baada ya mimba kutunga, wakati wanawake wengi hawajajua kwamba wamebeba mtoto. Mwaka 1981 Kathleen Sulik na wenzake walionyesha kwa panya kwamba pombe ikiingia katika kipindi hicho cha mwanzo kabisa, kijusi hupata sura ileile tunayoiona kwa watoto wetu.

Ubongo haujengwi kwa siku chache. Unajengwa kuanzia wiki za mwanzo hadi siku ya kujifungua na kuendelea. Pombe aliyokunywa mama hupenya kondo la nyuma, na ini la mtoto bado halina uwezo wa kuivunja kama la mtu mzima. Hivyo mtoto aliyefikiwa na pombe mwezi wa nne au wa saba anaweza kuzaliwa na uso mzuri usio na alama yoyote huku ubongo wake umeumia. Watoto wa namna hiyo ndio wengi kuliko wenye alama. Ndiyo sababu leo tunazungumzia wigo mzima wa athari za pombe tangu tumboni, unaojulikana duniani kwa kifupi chake, FASD. Ile hali yenye alama zote za uso, iliyopewa jina na David Smith na Kenneth Jones kule Seattle mwaka 1973, ni sehemu moja tu ya wigo huo.

Miongozo ya uchunguzi inakubali jambo hili waziwazi. Mwongozo wa Kanada wa mwaka 2016 una makundi mawili: FASD yenye alama za uso na FASD isiyo na alama za uso. Kote kuwili, kinachopimwa hasa ni ubongo. Kuna nyanja 10, zikiwemo kumbukumbu, umakini, lugha, masomo, uwezo wa kupanga na kujizuia, kumudu hisia, na namna mtoto anavyojimudu katika maisha ya kila siku. Mtoto akionekana ameathirika vibaya katika nyanja 3 au zaidi, na pombe wakati wa ujauzito ikathibitishwa, anaingia kwenye wigo hata kama uso wake hauna kasoro. Zingatia hilo neno kuthibitishwa, nitalirudia nikifika kwa mama yake.

Sasa mashirika. Ndiyo, yanapokea watoto wasio na alama usoni, na mengi ya yale ya kusaidia familia hayasubiri hata cheti cha daktari. Mzazi anayeshuku tu anapokelewa. Ila usiyaendee yote kwa ombi moja, kwa sababu kazi zao hazifanani, na nimeona familia zikikata tamaa baada ya kuomba tiba kwa shirika ambalo kazi yake ni kuandika miongozo.

Kwa hali uliyoieleza, ningekutaka uanze na yale yanayoongea na wazazi. Marekani kuna FASD United, lililoanzishwa mwaka 1990 kwa jina la NOFAS. Linasikiliza familia, linaelekeza wapi kuna wapimaji na huduma, na lina mtandao uitwao Circle of Hope wa akina mama waliotumia pombe au dawa wakiwa wajawazito. Mama anaongea na mama mwenzake aliyepitia njia hiyohiyo. Jimbo la Minnesota lina Proof Alliance. Australia wana NOFASD Australia, lenye simu ya kusikiliza familia, na Uingereza wana National FASD. Barani Ulaya, EUFASD Alliance linaunganisha vyama vya wazazi na wataalamu wa nchi mbalimbali. Shirika lililo mbali nawe halitampima mtoto wako, lakini maandishi yake mengi ni ya bure, na mara nyingi linajua nani anafanya kazi hii karibu na ulipo.

Lipo kundi jingine ninalolithamini sana, linalofundisha namna ya kuishi na mtoto. FASCETS la Portland, Oregon, limejengwa juu ya kazi ya Diane Malbin. Wazo lake ni kwamba tabia ya mtoto huyu ni dalili ya ubongo unaofanya kazi kwa namna tofauti. Kinachobadilishwa kwanza ni mazingira na namna watu wazima wanavyomtendea. Adhabu haiongezwi.

Maneno hayo huwa mepesi mpaka uyaone. Siku moja nilimwambia mtoto wa rika la mwanao: "Chukua kile kitabu, kiweke kwenye meza ya dirishani, halafu rudi ukae." Akachukua kitabu, akasimama katikati ya chumba, ananitazama. Mlezi wake akaniambia kwa uchovu, "Hivi ndivyo anavyotufanyia nyumbani. Jeuri." Nikasubiri kidogo, nikaanza upya. Chukua kitabu. Akakichukua. Nikanyamaza mpaka akanitazama tena. Weka mezani. Akaweka. Njoo ukae. Akaja, akakaa, akatabasamu. Yule mlezi akaanza kulia, maana alikuwa amemchapa asubuhi ileile kwa jambo kama hilo. Maagizo matatu yalikuwa yanamwagika kabla ya kufika. Alichohitaji mtoto yule ni agizo moja kwa wakati, na muda wa ubongo wake kulishika.

Mwanao anayesahau leo cha jana huenda ni vivyo hivyo. Jambo limeingia, ila kulitoa tena kunashindikana siku nyingine na kuwezekana siku nyingine. Mwalimu akiliona hilo kama uvivu, miaka yote ya shule itakuwa ya kuumizana. Ndiyo maana nakusihi usikae ukingoja. Ann Streissguth na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walifuatilia watu 415 walioathirika na pombe tangu tumboni. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, zaidi ya nusu ya vijana na watu wazima walikuwa wamekatizwa masomo, na zaidi ya nusu walikuwa wamepata matatizo na sheria. Lakini waliotambuliwa mapema, na waliokulia katika nyumba njema na tulivu, walikuwa na nafasi mara 2 hadi 4 zaidi ya kuepuka mambo hayo. Nyumba tulivu mwanao tayari anayo. Kinachokosekana ni kutambuliwa.

Kuhusu utafiti. Bila familia zilizokubali kushiriki, tusingejua hata haya niliyokuandikia. Mtandao wa CIFASD, ulioanzishwa mwaka 2003 kwa fedha za taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza matumizi ya pombe, huunganisha vituo vingi ili vipime kwa namna moja na kuweka matokeo pamoja: picha za uso za pande tatu, vipimo vya kumbukumbu na umakini, picha za ubongo. CanFASD la Kanada nalo ni mtandao wa utafiti, na miongozo yake kwa walimu na walezi inasomeka vizuri. Afrika Kusini kuna FARR, lililoanza mwaka 1997, linalofanya utafiti na pia kuwasaidia wajawazito waache pombe katika jamii zilizoumia mno. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba duniani kote watoto na vijana wapatao 8 katika kila 1,000 wana FASD, na Afrika Kusini 111 katika kila 1,000. Nikikumbuka takwimu hiyo nawaheshimu sana wanaokwenda nyumba kwa nyumba kule.

Mkiombwa kushiriki, mimi huwa naelekea kusema kubalini, ila baada ya kuuliza. Je, utafiti umepitishwa na kamati ya maadili? Mtoto atafanyiwa nini hasa, na kwa saa ngapi? Mnaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza huduma? Nani ataona jina lake? Na hili walezi wengi hulisahau: mtapewa ripoti ya vipimo vya mtoto wenu? Tafiti nyingine hupima kumbukumbu, lugha na umakini kwa undani ambao familia ingelipia fedha nyingi. Ripoti hiyo ikiwa mkononi mwako unaweza kuipeleka shuleni. Nyingine hazitoi chochote. Zote ni halali, lakini ujue mapema. Na mtoto mwenyewe aulizwe. Miaka 8 anaweza kuelewa kwamba watampiga picha na kumpa michezo ya kufikiri, na anaweza kusema hapana.

Kama ni utafiti wa dawa au virutubisho, ulizia umri. Nitoe mfano wa kolini, kirutubisho kinachozungumzwa sana na wazazi. Majaribio ya timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota kwa watoto walioanza wakiwa na miaka 2 hadi 5 yalionyesha faida fulani, na miaka kadhaa baadaye tofauti bado ilionekana. Jaribio jingine la wiki 6, kwa watoto wa miaka 5 hadi 10, halikuona faida. Mwanao yuko kwenye kundi la pili, kwa hiyo usitumie akiba yako kununua makopo. Na shirika lolote litakalokuambia lina dawa ya kuponya FASD, liache. Dawa hiyo haipo. Ziko dawa zinazosaidia umakini au usingizi kwa baadhi ya watoto, na hizo ziandikwe na daktari anayemfuatilia.

Kabla ya kujiunga popote, uliza pia nani analipa. Kampuni za pombe hutoa fedha kwa baadhi ya kazi za kinga. Mimi sikubali hilo, kwa sababu ujumbe wa kinga unaotokana na fedha hizo huelekea kumtupia mwanamke mzigo wote na kunyamaza juu ya bei, matangazo na upatikanaji wa pombe. Shirika safi huweka majina ya wafadhili wake wazi.

Nimfikie mdogo wako. Hofu yake ina msingi, na usimkejeli kwa kuwa nayo. Watu wana ukatili na akina mama hawa. Lakini kwa mtoto asiye na alama za uso, ushahidi kwamba pombe ilikuwepo lazima utoke mahali, na baada ya miaka 8 hakuna maabara itakayoutoa. Kipimo cha damu kinachoitwa PEth huona pombe ya wiki chache zilizopita tu, na kinyesi cha kwanza cha mtoto, kinachobeba alama za pombe ya miezi ya mwisho ya ujauzito, hupatikana siku za kwanza za uhai wake tu. Kilichobaki ni neno la mama. Yeye ndiye anayeshika ufunguo, na kukuambia ukweli tayari ameanza kumsaidia mwanawe.

Muulizeni daktari au shirika, kabla ya kutaja jina, taarifa hii itaandikwa wapi, nani ataisoma, na sheria ya mahali mlipo inasemaje. Mara nyingi inatosha kuandika kwenye faili la mtoto kwamba pombe ilithibitishwa na mtu wa karibu mwenye ujuzi wa moja kwa moja, na wewe, kama ulikuwepo, unaweza kuwa mtu huyo. Akiridhika, kaa naye mahali pa faragha, muandike pamoja: alijua ana mimba ikiwa na wiki ngapi, kabla ya hapo alikunywa kinywaji gani, kiasi gani kwa kikao, mara ngapi kwa wiki, na baada ya kujua siku zile mojamoja zilikuwa lini. Msiandike "kidogo" wala "sana". Andikeni glasi au chupa, na ukubwa wake. Asipokumbuka, andikeni kwamba hakumbuki.

Karatasi hiyo itie katika bahasha moja na ripoti za shule za miaka yote, vipimo vya uzito na urefu tangu kuzaliwa, picha moja ya mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu akitazama kamera bila kucheka, na ukurasa wako mmoja wa siku ya kawaida nyumbani: anaamka vipi, anavaa vipi, anakwama wapi. Mpelekee kwanza daktari yuleyule, kwa heshima, umuombe rufaa kwa timu yenye mwanasaikolojia na mtaalamu wa usemi na lugha. Akikataa, nakala ya bahasha hiyohiyo ndiyo utakayoitumia kwa shirika.