Risasi Zinashuka Chini Kushoto: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Bastola Fupi

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara hapa Kiambu, leseni yangu ilitoka juzi juzi na nikanunua Glock 19. Nikienda renji nipige mita 7 risasi zote zinaenda chini kushoto, na zinakaa karibu karibu, hazitawanyiki. Jamaa mmoja ameniambia nisogeze saiti ya nyuma (ile ya kulengea) iende kulia kidogo. Nisogeze ama hii bastola iko na shida? Mimi natumia mkono wa kulia.

JIBU: Kaka, saiti usiguse. Risasi zikikaa pamoja vile unavyosema, jicho lako liko sawa na bastola iko sawa, shida ni kwamba kuna kitu kinasukuma mdomo wa bastola kila mara kabla tu risasi haijatoka, na hicho kitu ni mkono wako wa kulia. Ukisogeza saiti leo utakuwa umeficha kosa tu, na siku mkono ukijirekebisha risasi zitaanza kwenda kulia na utarudi kuniuliza tena.

Kinachotokea ni hivi. Kidole cha shahada kikianza kuvuta triga, vile vidole vingine vitatu vinaamka navyo vinakaza, unajikuta unaminya mpini wote kama mtu anakamua ng'ombe, na kwa mtu wa mkono wa kulia hiyo inavuta mdomo chini na kushoto. Juu ya hiyo weka mwili wenyewe unaojua mlio unakuja, unasukuma bastola mbele kuzuia mshtuko ambao bado haujafika. Na usione ni kitu kidogo, kwa Glock 19 saiti ya mbele na ya nyuma zimeachana kama sentimita 15 tu, kwa hiyo saiti ya mbele ikihama milimita 1 pekee, ukiwa mita 7 risasi inahama karibu sentimita 5, na ukirudi mita 10 inahama sentimita 6 na nusu. Ndio maana mtu anaweza kupiga vizuri na bastola ndefu halafu akishika fupi anaona kama amesahau kila kitu.

Kama huniamini fanya hii. Mwambie mwenzako pale renji akujazie magazini, achanganye risasi za kweli na zile bandia za mazoezi mbili tatu, wewe usione amepanga vipi. Piga pole pole. Ukifika kwa ile bandia, bastola haitalia lakini utauona mdomo ukiinama wenyewe mbele ya macho yako, na hapo utaelewa haraka kuliko mimi nikikuandikia ukurasa mzima.

Sasa dawa. Mkono wa kulia upandishe juu kabisa kwa mpini, ile nyama katikati ya kidole gumba na cha shahada ijibane chini ya mkia wa fremu, pale mwili wa bastola unapotokeza nyuma juu ya mpini, hadi pasibaki nafasi, lakini isipite juu, slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) itakukata. Ukimaliza hapo angalia upande wa kushoto wa mpini, utaona pamebaki mahali patupu, hapo ndipo kiganja cha kushoto kinaingia kijaze chote, vidole vyake vikipanda hadi vigusane na chini ya ile pete inayozunguka triga. Kifundo cha mkono wa kushoto kielekeze mbele kidogo na chini mpaka ukisikie kimekaza. Vidole gumba vyote viwili vitazame shabaha, vikae tu pembeni, visiikanyage slaidi.

Halafu nguvu, na hapa wengi wanapindua. Anayeshika kwa nguvu zaidi ni mkono wa kushoto, sio wa kulia. Waalimu wengi husema asilimia 60 kushoto na 40 kulia, huwezi pima hiyo na mizani lakini wazo ni sahihi, kwa sababu mkono wa kulia ukipumzika kidogo kidole cha shahada kinapata uhuru wa kutembea peke yake bila kuburuta wenzake. Kama ungebadilisha kitu kimoja tu mwaka huu ningekuomba iwe hiki.

Kwa triga yenyewe, vuta ile sehemu nyepesi ya mwanzo mpaka ufike pale inapogoma, tulia hapo saiti ikiwa mahali pake, kisha endelea kuongeza nguvu pole pole kurudi nyuma moja kwa moja mpaka itoke. Usichague sekunde ya kutoka. Ikishatoka usirushe kidole mbele, kaa umeshikilia, saiti irudi kwa shabaha, ndio uachilie kidogo mpaka usikie tik, na hapo uko tayari kwa ya pili.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama mwenye mikono midogo, nina ile bastola ndogo kabisa ya 9mm. Kidole cha mwisho kinaning'inia hakina pa kushika, na kila magazini lazima ganda moja la risasi likwame kwa slaidi. Fundi ameiangalia anasema haina kitu.

JIBU: Dada yangu, fundi anaweza kuwa anasema ukweli kabisa. Hizi bastola ndogo zina slaidi nyepesi na springi ngumu, zinahitaji fremu isimame imara ndio slaidi irudi nyuma safari yake yote na itupe ganda nje. Kifundo cha mkono kikilegea bastola yote inarudi pamoja na slaidi, nguvu inapotea, ganda linabaki limesimama pale. Kwa hiyo kaza kifundo, nyoosha mikono bila kufunga viwiko, kifua kiegemee mbele kidogo, na jaribu risasi za kampuni nyingine pia kabla hujaamua.

Kidole kinachoning'inia tafuta magazini yenye kitako kirefu, hiyo peke yake inabadilisha mambo sana. Kitu kingine, watu watakuambia triga lazima ivutwe na ncha ya kidole. Si sheria hiyo. Ukilazimika kuzungusha mkono ndio kidole kifike, umeshaharibu mshiko. Weka mshiko kwanza halafu kidole kitue pale kinapotua, alimradi ukivuta saiti haihami. Ukija kununua nyingine, chagua yenye migongo ya mpini ya kubadilisha, mikubwa na midogo, Glock wanayo tangu toleo lao la Gen4 la 2010.

SWALI: Kuna mwalimu ananiambia nisimame Weaver, mwingine anasema miguu na mikono sawa sawa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wote wawili wanafundisha kitu kinachofanya kazi. Ule wa Weaver ulitoka kwa Jack Weaver, afisa wa sherifu wa Los Angeles, miaka ya 1950, mkono mmoja unasukuma mwingine unavuta. Miaka ya 1980 Rob Leatham na Brian Enos, wapiga shabaha wa mashindano, walishinda sana wakinyoosha mikono yote miwili sawa, na ndio wengi wanafuata leo. Kwa anayeanza naona huu wa pili ni rahisi, unampa makosa machache ya kutafuta.

SWALI: Risasi ni bei na renji ni mbali, niko Mombasa. Naweza kufanya mazoezi nyumbani bila risasi?

JIBU: Unaweza, na ndio njia nzuri kuliko zote ya kufundisha kidole, lakini kwa masharti na sitalegeza hata moja. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) kwa jicho na uiguse kwa kidole, kisha rudia tena. Risasi zote zikae chumba kingine, mlango umefungwa. Watoto wasiwepo. Elekeza kwa ukuta wa mawe ama zege usio na mtu upande wa pili, ukuta wa mbao ama wa mabati haufai. Kama bastola yako ni ya zile risasi ndogo za .22, soma kitabu chake kwanza, nyingi za aina hiyo zinaumia ukifyatua bila risasi.

Weka sarafu juu ya slaidi karibu na saiti ya mbele, vuta triga, sarafu isianguke. Dakika 10 zinatosha, ukichoka unaanza kujifundisha makosa. Na ukimaliza sema kwa sauti umemaliza, funga bastola kwa sefu, kwa sababu ajali nyingi za mazoezi haya zinatokea pale mtu ameshaweka risasi halafu anasema ngoja nivute moja ya mwisho.