Miaka Mitatu Bila Mjukuu

Kutoka kwangu Marangu hadi Arusha anakoishi mwanangu hata si safari. Unashuka Himo, unafika Moshi mjini, unapanda Coaster, kilomita 80 hivi na Arusha hiyo hapo. Wenzangu wana watoto Dar es Salaam, Mwanza, wengine hadi Marekani, na wajukuu wanaletwa. Mimi wangu yuko Njiro, na kwa miaka mitatu sikumshika mkono mjukuu wangu. Naandika kwa sababu nawajua mabibi na mababu wengi huku kwetu wanaolia kimya kimya, na wengi wanarudia yaleyale niliyofanya mimi.

Nianze na kosa langu. Mkwe wangu alipojifungua nilikwenda kumwangalia, kama desturi yetu ilivyo. Kliniki walikuwa wamemwambia maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, hata maji hapana. Mimi nimelea watano. Siku moja ametoka kwenda dukani, mtoto wa miezi mitatu analia, nikamlambisha mtori mwepesi, ile supu yetu ya ndizi. Usiku akaharisha, tukahangaika naye hadi alfajiri, na kijiko nilichokisahau kando ya kitanda ndicho kilichosema. Mkwe aliniuliza. Nikakana. Kesho yake nikakubali, lakini kwa maneno haya: "Mume wako alikula mtori ana miezi miwili. Alikufa?"

Hata hapo yangeisha. Ila Desemba ilipofika, ukoo mzima umejaa kihambani, shamba letu la nyumbani, nikalianzisha upya mbele ya mashemeji na mawifi zake. Nikasema nimepata mkwe anayelea mtoto kwa karatasi. Watu walicheka. Yeye hakujibu neno. Alimbeba mtoto mgongoni akaenda kusimama migombani, peke yake, mpaka giza likaingia. Asubuhi waliondoka, na Krismasi ilikuwa bado siku mbili.

Zikapita Desemba tatu. Mwanangu alipiga simu, alituma hela ya dawa, lakini nikimwuliza mtoto alikuwa anasema, "Yuko salama, mama," na mazungumzo yanahama. Mjukuu nilimwona kwenye picha za simu ya binti yangu, ana meno, ana sare ya chekechea.

Nilijaribu kurudi kwa njia zote isipokuwa ile iliyotakiwa. Nilituma mkungu wa ndizi mchare kwa gari. Nikajibiwa "asante" na mwanangu, basi. Nikawaita wazee wa ukoo wakae kikao. Hilo, ndugu yangu unayesoma, usilifanye mwanzoni. Mwanangu alijiona ameshtakiwa na mama yake, mkewe akajiona anahukumiwa na watu asiowajua, na simu zikazidi kupungua. Kikao kinafaa pale pande zote mbili zinapokitaka.

Shemeji yangu mmoja akanishauri nipeleke sale. Kwa asiyejua, Wachaga ukimkosea mtu unamwendea na jani la sale, lilelile tunalopanda mipakani, na anayeombwa kwa sale hatakiwi kukataa. Ni jambo kubwa na ninaliheshimu. Lakini mkwe wangu ni Mnyaturu wa Singida. Kumpelekea jani kisha nimwambie halikataliwi, niliona ni kumfunga mdomo mara ya pili. Nilitaka awe na nafasi ya kunikatalia.

Kwa hiyo nilimpigia yeye mwenyewe, si mwanangu. Nikamwomba ruhusa ya kuja, siku anayotaka yeye, saa ambayo mtoto yuko shule. Alikaa kimya, kisha akasema Alhamisi.

Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Sikukaa sana na salamu. Nikasema: "Mwanangu, nilimpa mtoto wako chakula kwa siri, nikakudanganya, halafu nikakuaibisha mbele za watu. Nisamehe." Nikanyamaza. Ulimi uliniwasha kuongeza "lakini na wewe", nikaubana. Yeye hakuinua macho. Vidole vilikuwa vinatembea kwenye mchele, kijiwe, kijiwe kingine. Mwishowe akasema, "Mama, mtori nilishausahau. Kule kukana kwako ndiko kulikoniuma. Nilijiuliza, siku mtoto akiumia kweli, utaniambia?"

Miaka mitatu nilikuwa najitetea kwa habari ya mtori, kumbe swali lilikuwa lingine kabisa. Kama umetengwa na wajukuu, muulize mzazi wao ni nini hasa kilichomuuma, na umsikilize mpaka amalize. Unaweza kukuta unachojitetea nacho hata hakikumbuki.

Sikumwona mtoto siku hiyo. Nilipewa simu ya Jumapili jioni, dakika chache. Pokea hicho kidogo unachopewa. Na ukiwa na mtoto kwenye simu usilie, usimwulize mama amesema nini, usimlaumu kwa kutokukumbuka. Wangu alisema "Shikamoo bibi" kwa sauti ya kufundishwa, akanyamaza. Nikamsimulia kuku wangu anayetaga chini ya mibuni kwa kujificha. Jumapili iliyofuata swali lake la kwanza lilikuwa, "Bibi, kuku ametaga?"

Wapo wanaoniuliza kuhusu ustawi wa jamii na mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa nafasi mzazi, mlezi, hata ndugu aliyekuwa akimlea mtoto, kuomba mahakamani aruhusiwe kumwona. Kama ulimlea mjukuu kisha akachukuliwa ghafla, baada ya msiba au ndoa kuvunjika, nenda kwa afisa ustawi wa halmashauri yako ukaeleze. Na kama watoto wamezuiwa kwa sababu kwako kuna pombe au kipigo, anza na hilo. Mzazi huyo yuko sahihi. Ila kwa ugomvi kama wangu, wa maneno na kiburi, hakimu hawezi kukuombea msamaha.

Mwaka jana walikuja Desemba, wakalala siku nne. Sasa kuna mjukuu wa pili, wa kike, ana miezi mitano. Wiki iliyopita mama yake aliniachia akaenda sokoni. Alipofika mlangoni akageuka akanitazama.

"Mama, chakula bado, eh?"

"Bado mwezi mmoja," nikamjibu. Akaenda.