Nina wosia wa mwaka 2010, nikaoa tena 2014: je, unatosha?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Nina miaka 58, naishi Nyakato, Mwanza. Mke wangu wa kwanza alifariki mwaka 2012, akaniachia watoto watatu ambao sasa ni watu wazima. Mwaka 2014 nilifunga ndoa kanisani na mke niliye naye, tuna mtoto wa miaka 9. Nyumba tunayoishi tulijenga na marehemu, yeye akiuza dagaa Mwaloni, ila hati ina jina langu peke yangu. Nina mitumbwi miwili ya ubia na rafiki yangu, na akiba SACCOS. Baba yangu ana miaka 84, yuko Magu na shamba lake na ng'ombe. Wosia niliandika mwaka 2010. Je, niongeze tu jina la mdogo?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hapana, usiongeze jina. Kwa Mkristo ambaye mirathi yake itaamuliwa kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika nchini kwetu, ndoa mpya hufuta wosia ulioandikwa kabla yake. Siku ulipofunga ndoa mwaka 2014, karatasi ile ilikufa. Andika wosia mpya. Lakini kabla ya kuandika, kuna jambo zito zaidi, nalo ni nyumba.

Umesema mlijenga na marehemu. Hukutaja kama mirathi yake ilifunguliwa, nami nachukulia kwamba haikufunguliwa. Watu wengi hapa Mwanza wanaamini mirathi ni ya baba akifa. Mama akitangulia, maisha yanaendelea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja kuwa yake, ila dhana hiyo huvunjwa kwa ushahidi. Na ushahidi upo: majirani walimwona akinunua saruji kwa pesa ya dagaa, na wanawe wakubwa wanakumbuka. Ukimwandikia mkeo wa sasa nyumba nzima, utakuwa umegawa na jasho la marehemu, na hao watatu watakuwa na hoja ya kumpeleka mama yao wa kambo mahakamani wewe ukiwa kaburini. Nimeona familia zilizopendana zikivunjika kwa jambo hili hili, na huwa si kwa sababu ya uroho. Watoto wanaona jina la mama yao limefutwa.

Kwa hiyo anza na mirathi ya marehemu. Kama mna kibali cha mazishi tu, nenda ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, upate cheti cha kifo. Itisheni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mteue msimamizi wa mirathi. Mimi ningependa uwe wewe pamoja na mtoto mmoja kati ya wale wakubwa. Ukifungua Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, miaka mitatu tangu kifo chake imeshapita, kwa hiyo maombi yataje sababu ya kuchelewa. Kuchelewa hakufungi mlango, mradi kuelezwe.

Sehemu ya marehemu ikishajulikana, yako ndiyo utakayoiandikia wosia. Mkeo unaweza kumpa haki ya kuishi katika nyumba hiyo maisha yake yote, kisha umiliki uende kwa watoto wote wanne kwa hisa utakazozitaja. Wakalishe wote chini uwaambie wewe mwenyewe.

Mitumbwi: wewe na rafiki yako mnajuana, lakini warithi wenu hawajuani. Andikeni mkataba unaotaja kila chombo kwa namba yake ya usajili, injini ni ya nani, nyavu ni za nani, na mmoja akifariki mwenzake atanunua hisa kwa bei itakayopatikanaje. Tajiri, yaani mwenye mtumbwi, akifa bila karatasi, mapato ya giza zima (zile siku za mwezi za kuvua dagaa) yanaweza kuishia kwa nahodha na hakuna wa kumuuliza. SACCOS kaangalie fomu yako ya uanachama: yawezekana mteule, yaani atakayelipwa akiba yako ukifa, ni marehemu mpaka leo.

Kwa mtoto wa miaka 9, taja mlezi, na taja pia atakayemshikia mali mpaka afikishe 18. Si lazima awe mtu mmoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake, kwa hiyo hata ukimsahau, mahakama haitamsahau.

Mashahidi: chukua mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, wote wanaojua kusoma na kuandika, wakuone ukisaini wakiwa pamoja, na asiwepo hata mmoja anayepewa kitu katika wosia huo. Hivyo utakuwa umejikinga hata mtu akidai mirathi yako ni ya kimila. Wosia unaweza kuutunza RITA.

Shamba la baba usiliguse katika wosia wako, maana bado ni lake. Muulize mzee anataka nini sasa, akili yake ikiwa bado nzima. Kama hajui kusoma, wosia wake wa maandishi wa kimila unahitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mwambieni awataje binti zake kwa majina, kwa sababu kanuni za urithi wa kimila za mwaka 1963 zinawaweka mwisho. Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, mwaka 1990, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilikubali kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alikuwa na haki ya kuuza shamba la ukoo sawa na mwanamume. Shamba hilo aliachiwa na baba yake kwa wosia. Dada zako nao wawepo siku mzee anapozungumza.