Makonde ya mazoezini na ubongo: majibu kwa wasomaji

Mwanangu ana miaka 17, ni bondia. Hajawahi kudondoshwa ulingoni. Bado niogope? – Mama, Manzese

Ndiyo, mama yangu. Ugonjwa wa ubongo uitwao CTE, ambao Dk. Harrison Martland alieleza dalili zake kwa mabondia wa Marekani tangu 1928, unatokana na kupigwa kichwani mara kwa mara kwa miaka, hata kwa makonde yasiyomzimisha mtu. Protini iitwayo tau hujazana kando ya mishipa midogo ya damu ya ubongo. Kusahau na hasira za ghafla huweza kuja muda mrefu baada ya glovu kutundikwa.

Na makonde mengi hayapigwi siku ya pambano. Nenda gym jioni moja ukae kimya. Utaona kijana wa kilo 57 akipangwa na wa kilo 70 kwa kuwa mwenzake wa uzito hakuja. Pua ikivuja anajifuta kwa fulana, raundi inaendelea, na kesho anarudi. Muulize kocha wanafanya sparingi ya nguvu, yaani kupigana kweli mazoezini, mara ngapi kwa wiki. Akikosa jibu, mtoe mwanao.

Si anavaa kofia?

Nimeshalijibu mara nyingi! Kofia hupunguza michaniko. Ubongo unatikisika vilevile ndani ya fuvu.

Nilizimia mazoezini wiki hii, CT scan iko safi. Jumamosi nipande?

Usipande. CT scan inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani humo. Akuruhusu daktari, si promota.

CTE inapimwa wapi?

Kwa aliye hai, bado haithibitishwi. Dk. Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliikuta kwenye ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, aliyefariki 2002. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliripoti kuwa kati ya wachezaji 111 wa zamani wa NFL waliochunguzwa baada ya kufa, 110 walikuwa nayo. Msilikuze: familia nyingi zilitoa ubongo huo kwa sababu zilishaona dalili. Ila bila familia hizo tungekuwa gizani, na natamani za mabondia wetu wa zamani zianze kuzungumza na madaktari mapema.

Nafundisha soka watoto wa miaka 9. Vichwa je?

Acha. Marekani waliwazuia wa miaka 10 kushuka chini, na Scotland ikaondoa vichwa kwenye mazoezi ya watoto mwaka 2020. Huhitaji barua ya TFF kuanza kesho.