Ukitaka kupeleka sola kijijini kwenu, anza na mashine ya kusaga

Kila mwaka, Desemba ikikaribia, simu yangu huanza kuita. Mmoja anafanya kazi Muscat, mwingine ni mwalimu Dodoma, mwingine anaongea kwa niaba ya kikundi cha watu waliosoma pamoja shule ya msingi. Wamechanga hela, wanataka kupeleka umeme jua nyumbani. Na karibu wote huanza na swali moja: "Fundi, paneli ngapi zitatosha?"

Nina miaka kumi na minne katika kazi hii, sehemu kubwa nimeifanya visiwani na kwenye mialo ya Ziwa Victoria. Siku hizi swali hilo silijibu kwanza. Namwuliza aliyepiga: kijijini kwenu watu wanasaga wapi?

Nilifika hapo kwa njia yenye maumivu. Mwaka wa pili wa kazi yangu nilifunga mfumo kwenye zahanati ya kisiwa kimoja. Paneli nne za wati 250, betri nane za risasi, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumika kwenye soketi, taa za chumba cha kujifungulia, soketi mbili. Wafadhili walikuja na boti, tukapiga picha, wanakijiji wakacheza ngoma mpaka jioni. Nilirudi Mwanza nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kazini.

Miezi kumi na minne baadaye nilipita pale nikielekea kisiwa kingine. Betri zote zilikuwa zimekufa. Nesi aliniambia wiki iliyotangulia alizalisha mama usiku akiwa ameshika tochi ya simu kwa meno, mikono yote ikiwa na kazi. Hakunilaumu, alinieleza tu kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nilikaa kwenye ngazi za zahanati ile nikashindwa hata kunywa chai niliyoletewa.

Sasa sikiliza hesabu, maana hapa ndipo miradi mingi inapozama. Paneli nne za wati 250 ni kilowati moja. Kwa jua la kwetu, chukua saa tano za jua kali kwa siku: unapata yuniti tano, maana yuniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima. Toa robo inayopotea kwenye joto, waya, inveta na betri, unabaki na chini ya yuniti nne. Kwa taa, redio na kuchaji simu, yuniti nne ni nyingi. Lakini nyumba ya mtumishi ilikuwa hatua ishirini kutoka zahanati, na mtu akavuta waya. Ikaja televisheni, ikaja pasi ya wati 1,000, likaja birika la wati 2,000. Pasi nusu saa ni nusu yuniti imekwenda. Birika likichemsha mara tatu kwa siku, hujui tena umeme wa kujifungulia utatoka wapi. Betri za risasi hazitaki kushushwa chini ya nusu, zile zilikuwa zinakaushwa kila usiku. Nilipouliza nani alikuwa anazitazama, kila mtu alimtaja mwenzake. Nilipouliza kama kuna hela ya kununua nyingine, mwenyekiti aliinamisha kichwa. Umeme ule ulikuwa wa bure, kwa hiyo hakukuwa na senti iliyoingia mahali popote, na betri hainunuliwi kwa shukrani.

Kosa lilikuwa langu pia. Nilikuwa nimepeleka vifaa, sikupeleka mpango wa kuvilisha.

Ndiyo maana nauliza kuhusu mashine. Kila kijiji nilichowahi kulala kina mahali watu wanapotoa hela mara kwa mara kwa ajili ya nguvu: kusaga, kukoboa, kuchaji simu, barafu ya samaki, karabai za wavuvi wa dagaa. Hela hiyo ipo tayari, inakwenda kwenye dizeli na mafuta ya taa. Umeme jua ukiingia pale penye hela, unaweza kujilipia na kubeba zahanati mgongoni. Ukianza na zahanati peke yake, unamtwika nesi mzigo wa shirika la umeme.

Kijiji cha pili nilikwenda na daftari kabla ya kwenda na bisibisi. Nilikaa siku tatu kwenye mashine ya dizeli, nikahesabu madebe, nikaandika saa ambazo watu wanakuja, nikauliza dizeli inafika kwa bei gani baada ya kuvushwa na mtumbwi. Mwenye mashine, mzee mmoja mwenye mvi, aliniangalia siku nzima ya kwanza bila kusema neno. Siku ya pili nikamsogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuninyang'anya riziki?"

Nilimwambia hapana, nimekuja kuuliza kama angependa mota badala ya dizeli, yeye abaki kuwa msagaji. Hakuamini, na alikuwa na haki ya kutoamini. Ilibidi twende kwa mtendaji wa kijiji, iandikwe kwamba jengo ni lake, mota na paneli ni za kijiji, na yeye anapata sehemu yake kwa kila debe. Usiruke hatua hii. Mwenye dizeli ndiye anayejua mashine ikilia sauti gani ina tatizo, ndiye anayejua nani analipa na nani anakopa. Ukimfanya adui, umempoteza mtu ambaye mradi wako unamhitaji kuliko wote.

Shida kubwa zaidi ililetwa na akina mama. Kwenye mkutano wa kijiji nilieleza kwa majivuno kwamba tutasaga kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa kali, bila kuhitaji betri kubwa. Mama mmoja akasimama.

"Mwanangu, saa sita mimi niko shambani. Jua lako linafanya kazi muda uleule ambao na mimi nafanya kazi."

Mkutano mzima ukamuunga mkono. Wao walizoea kusaga jioni, wakirudi. Tulijadili mpaka giza likaingia, na jibu halikutoka kwangu. Walikubaliana kwamba debe liachwe asubuhi likiwa na alama ya mwenyewe, lichukuliwe jioni, na atakayesaga mchana alipe pungufu kidogo. Ilitaka mtu mwaminifu wa kupokea na kutunza mahindi ya watu, nao wakamteua palepale. Bila mkutano ule ningefunga mota nzuri na mashine ingekaa kimya mchana, huku foleni ikianza jua linapozama.

Kwa mafundi wenzangu, neno moja kuhusu mota. Mota ya farasi kumi ni kama kilowati 7.5, lakini inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida. Inveta uliyoipimia kilowati nane itazima palepale, na utadhani ni mbovu. Weka kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota ili ianze polepole, au chagua mashine ndogo yenye mota ya farasi tano, isage kwa utulivu siku nzima. Paneli zizidi mahitaji ya mota kwa kiasi cha kutosha, maana wingu likipita mwendo hushuka na unga hutoka chenga. Akina mama watakurudishia.

Kuhusu kununua: chukua futi ya kupimia uende nayo dukani. Paneli nzuri ya siku hizi hutoa takriban wati 200 kwa mita moja ya mraba. Zidisha urefu kwa upana, halafu zidisha kwa 200. Paneli ya nusu mita ya mraba iliyoandikwa wati 300 imeandikwa uongo, hata kama kibandiko kinang'aa. Kisha omba itolewe nje mchana, pima volti na ampia kwa mita. Muuzaji asiyetaka paneli yake ipimwe juani, achana naye. Ukifunga, iinamishe nyuzi kumi hadi kumi na tano ili mvua ioshe vumbi, ikielekea kaskazini kwa sisi tulio kusini ya ikweta. Kama hela inatosha, nenda kwenye betri za lithiamu. Bei ya kuanzia inauma, lakini zinavumilia kushushwa chini, na kijijini betri zitashushwa tu.

Halafu kuna swali la nguzo. Serikali imekuwa ikieleza kwamba umeme wa gridi umefika karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kwa kijijini ada ya kuunganishwa ni shilingi 27,000. Hiyo ni kazi kubwa ambayo REA, wakala wa nishati vijijini, imeifanya tangu ilipoanza mwaka 2007, na siipuuzi. Lakini kijiji kufikiwa ni nguzo kufika senta. Vitongoji viko zaidi ya 64,000, na visiwa vina maji katikati. Kabla hujachanga hata shilingi, nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya uulize ramani: kitongoji chenu kimo kwenye mpango wa lini? Kama nguzo zinakuja mwakani, hela yenu ifanye kitu kingine, labda kulipia watu waya wa ndani ya nyumba na mota ya kusagia. Kama hazimo kwenye mpango, endelea, ila jisajili EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, tangu mwanzo hata kama mtambo wenu ni mdogo. Mtambo ulio chini ya megawati moja hauhitaji leseni, na kanuni zinampa mzalishaji mdogo njia ya kuuza au kusambaza umeme wake siku gridi inapomfikia. Asiye na karatasi hana la kudai siku hiyo.

Wapo wanaoniambia haya ni mambo madogo, kwamba nchi inajengwa na mitambo mikubwa. Nalipenda Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 kutoka mto Rufiji si mchezo. Lakini hata mitambo mikubwa huangukia kwenye swali lilelile. Kenya walisimamisha mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, jumla ya megawati 310. Kazi ya mitambo ilikamilika mwaka 2017, ikasimama juu ya mawe bila kupeleka umeme kwa mtu, kwa sababu laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa tayari. Iliunganishwa Septemba 2018, na serikali ililazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukutumika. Upepo ulikuwepo, mashine zilikuwepo, kilichokosekana ni njia ya kuufikisha umeme kwenye kazi. Mimi kwenye zahanati yangu na wao kule Turkana tulijikwaa kwenye jiwe la aina moja, ukubwa tu ndio tofauti.

Nimalizie na watu, ambao ningeanza nao kama ningekuwa na akili hii zamani. Kijiji cha pili nilifundisha vijana wawili, wachangamfu, waliomaliza kidato cha nne. Ndani ya mwaka mmoja wote walikuwa Mwanza wakifunga sola majumbani mwa watu, na sikuweza kuwalaumu, nilikuwa nimewapa ufundi unaouzika mjini. Baadaye nilisoma kuhusu kituo cha Barefoot College kule Kinyasini, Unguja, kinachochukua akina mama wa vijijini, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya darasani, kikawafundisha kufunga na kutengeneza sola kisha wakarudi kwao. Nikarudi kijijini nikauliza: nani hapa ana nyumba, ana shamba, ana sababu ya kubaki, na mikono yake inaweza kazi ndogondogo? Wakamleta mama fundi cherehani.

Mtu anayejua kurekebisha mvutano wa uzi kwenye cherehani hapati tabu kuelewa kwa nini waya uliolegea unapata moto. Baada ya wiki mbili alikuwa anasoma mita vizuri kuliko mimi nilipokuwa chuo. Tulimwekea posho ndogo ya kila mwezi kutoka kwenye hela ya mashine, na kila debe linalosagwa linaweka shilingi 200 kwenye akaunti ya matengenezo, saini tatu, mbili kati ya hizo za wanawake wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kila mwisho wa mwezi kiasi kilichopo huandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa mashine, mahali ambapo kila anayeleta mahindi atakiona. Zahanati yao sasa ina laini yake peke yake, yenye betri yake, na soketi ya nesi inazimika yenyewe chaji ikishuka ili taa za leba zibaki.

Mwezi uliopita, kama saa mbili usiku, mama yule alinipigia. Moyo ulinipasuka, nikajua kumeharibika kitu. Kumbe inveta ilikuwa imekufa Jumatatu, kamati ikakaa Jumanne, Alhamisi wakatuma mtu Mwanza na hela ya akaunti, na mpya ilikuwa imeshafungwa ukutani. Alikuwa na swali moja tu: waya wa kutoka kwenye betri uwe wa milimita ngapi za mraba, maana dukani walitaka kumpa mwembamba.

"Hiyo ni ya kilowati tano, volti 48?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Chukua thelathini na tano. Na uukaze sawasawa."

"Nimeshaukaza," akasema. "Nilitaka tu uhakika." Akakata, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri unga.